Kutofungamana na upande wowote: neno linasema nini, na halisemi nini

Machi 2022, siku chache baada ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kupigia kura azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, nilikuwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwenye kibanda cha chai karibu na foleni ya malori. Redioni wachambuzi walikuwa wakijadiliana. Mmoja akasema Uganda haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana kwa sababu sisi ni nchi isiyofungamana na upande wowote, akapita akaenda kwenye jambo jingine. Dereva aliyekuwa amekaa kando yangu akanigeukia: "Mwalimu, hiyo maana yake tumenyamaza?" Nikamjibu harakaharaka, na jibu lile halikuniridhisha hadi leo. Hili hapa ndilo nililopaswa kumpa.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimelibeba vizuri. Kutoka funga tunapata fungana, kisha fungamana. Mizizi ya mti huu ikiingia ndani ya mizizi ya mti ule, imefungamana: ukiuvuta mmoja, wa pili unakuja nao. Nchi zinafungamana vivyo hivyo zinapotia saini mkataba wa kijeshi unaosema adui wa mmoja ni adui wa wote. Siku mwenzako akiingia vitani, huulizwi maoni, umekwisha kuingia. Kutofungamana ni kukataa mizizi hiyo tu. Neno halisemi kwamba mti wako hauna kivuli wala hauelemei popote.

Waasisi wa dhana hii walijua tofauti hiyo. Mkutano wa Bandung, Indonesia, Aprili 1955, ulikutanisha nchi 29 za Asia na Afrika. Miaka sita baadaye, Septemba 1961, nchi 25 zikakutana Belgrade kwa mwaliko wa Tito wa Yugoslavia, pamoja na Nehru wa India, Nasser wa Misri, Nkrumah wa Ghana na Sukarno wa Indonesia. Kabla ya Belgrade kulikuwa na kikao cha maandalizi Cairo mwezi Juni, na hapo ndipo lilipoamuliwa swali gumu: nani aalikwe? Masharti yakaandikwa. Nchi iwe na sera yake yenyewe, inayokubali mataifa ya mifumo tofauti kuishi pamoja. Iunge mkono harakati za ukombozi. Isiwe mwanachama wa muungano wa kijeshi uliotokana na ugomvi wa mataifa makubwa, yaani Marekani na Muungano wa Kisovieti na washirika wao. Na ikiwa ina mapatano ya kijeshi na taifa kubwa, au imeruhusu kambi ya kigeni katika ardhi yake, jambo hilo lisiwe limefanywa kwa ajili ya ugomvi huo.

Soma sharti la pili tena: iunge mkono harakati za ukombozi. Mtu anayeunga mkono ukombozi wa Algeria hakai katikati kati ya Algeria na Ufaransa. Tangu siku ya kwanza, kutofungamana kulidai useme jambo.

Hapo ndipo wachambuzi wengi wa redioni wanapochanganya maneno mawili. Kutoegemea upande wowote vitani ni hali ya kisheria. Uswisi ilitambuliwa hivyo na mataifa ya Ulaya mwaka 1815, na mikataba ya The Hague ya 1907 ikaeleza haki na wajibu wa nchi ya namna hiyo vita vinapotokea: isipeleke majeshi yake, isikubali ardhi yake itumiwe na wanaopigana. Kutofungamana si sheria, ni sera. Hakuna mahakama inayokusimamia, na Jumuiya ya Nchi Zisizofungamana yenyewe haina hati ya kuiunda wala sekretarieti ya kudumu. Ina mwenyekiti anayebadilika kila baada ya miaka mitatu, na maamuzi yake hupatikana kwa maafikiano. Uganda, iliyojiunga mwaka 1964 kwenye mkutano wa Cairo, ilipokea uenyekiti kutoka Azerbaijan, Januari 2024, Munyonyo, Kampala. Sudan Kusini ilipokewa kama mwanachama mpya hapohapo.

Sasa ile kura ya Machi 2, 2022. Nchi 141 zilisema ndiyo, 5 hapana, 35 zikajizuia. Uganda ilikuwa kati ya hizo 35, na Tanzania, na Burundi. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilisema ndiyo. Ni muhimu kukumbuka kwamba Kenya na Rwanda nazo ni wanachama wa jumuiya ileile ya wasiofungamana. Kwa hiyo kujizuia hakukulazimishwa na uanachama. Balozi wetu kwenye Umoja wa Mataifa, Adonia Ayebare, alitoa sababu yake: Uganda ilikuwa inajiandaa kushika uenyekiti, na mwenyekiti anapaswa kutoegemea upande. Unaweza kuikubali au kuikataa, lakini ni sababu ya mwenyekiti, si maana ya dhana. Mimi binafsi naona kura ile ilihitaji maelezo marefu zaidi kwa wananchi. Vita vile vilitufikia majikoni: sabuni ya mche na mafuta ya kupikia vilipanda, na katikati ya mwaka ule petroli ikavuka shilingi 6,000 kwa lita. Anayelipa bei ya vita ana haki ya kuelezwa kura yake ilikwenda wapi na kwa nini.

Linganisha na Gaza. Mkutano wa Munyonyo haukunyamaza hata kidogo: hati yake ya mwisho ilishutumu mashambulizi ya Israel na kudai yasitishwe. Wiki iliyofuata, Januari 26, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa amri za muda katika kesi ya Afrika Kusini dhidi ya Israel, na Jaji Julia Sebutinde, Mganda, akapiga kura dhidi ya amri zote. Watu wakaduwaa: Uganda iko wapi basi? Ayebare akajibu kwamba uamuzi wa jaji si msimamo wa serikali, na kwamba msimamo wa Uganda juu ya Wapalestina unaonekana katika kura zake Umoja wa Mataifa. Alikuwa sahihi, kwa kuwa majaji wa mahakama ile hawawakilishi nchi zao. Lakini tazama: nchi isiyofungamana ilikuwa na msimamo, ikautetea hadharani, na hakuna aliyesema imevunja kiapo.

Basi kipimo ni nini? Nadhani ni hiki: je, unaweza kumwambia hapana kila mmoja wao, na uko tayari kulipia? Nyerere alilipia. Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu Ujerumani Mashariki ifungue ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Desemba ya mwaka huohuo akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Pesa nyingi kwa nchi changa.

Ya kwetu ni mchanganyiko mkubwa zaidi. Ndege zetu za kivita za Sukhoi zimetoka Urusi. Barabara ya kulipia ya kwenda Entebbe imejengwa kwa mkopo wa China. Askari wetu wapo Somalia tangu Machi 2007, na kazi ile imebebwa kwa sehemu kubwa na fedha za Ulaya na mafunzo ya Marekani. Mafuta ya eneo la Ziwa Albert yanaendelezwa na TotalEnergies ya Ufaransa pamoja na CNOOC ya China. Julai 2022 Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, alitua Entebbe. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa naye akafika Kampala. Wapo wanaouita huu unafiki. Sikubaliani nao. Kununua kwa wengi ndiko kunakokuwezesha kukataa kwa mmoja, alimradi deni lisije likafanya kazi ileile ambayo zamani ilifanywa na mkataba wa kijeshi. Mizizi ya mkopo nayo hufungamana, tena chini ya udongo ambako haionekani, na masharti ya Cairo ya 1961 hayakuitaja.

Kitu kingine ambacho hayakukitaja ni jirani. Yaliandikwa kwa ajili ya ugomvi wa wakubwa. Iran na Iraq, zote wanachama, zilipigana miaka minane kuanzia 1980, na jumuiya haikuweza kuzizuia. Ilichoweza ni kuhamisha mkutano wake uliopangwa Baghdad na kuupeleka New Delhi, 1983.

Yule dereva alikuwa na swali la pili, alilouliza akiwa amesimama, funguo mkononi, mzigo wake ukielekea Bunia, mashariki mwa Kongo. "Na Kongo je?" Jeshi letu lilikuwa limevuka mpaka tangu Novemba 30, 2021, kwa makubaliano na Kinshasa, kuwawinda waasi wa ADF. Na Februari 9, wiki tatu tu kabla ya kura ile ya Ukraine, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya zamani. Wachambuzi redioni hawakuwa wamelitumia neno kutofungamana kwa habari hiyo hata mara moja, na hawakukosea. Kongo tumo ndani.