Elimu na Sera ya Jamii: masomo mawili, cheti kimoja

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, hapa Iringa sikosi kusimamishwa njiani. "Kamwene. Eti huko Uingereza mtu anasoma Elimu na Sera ya Jamii kwa mpigo, anarudi na digrii mbili?"

Digrii ni moja. England shahada ya kwanza huwa na krediti 360 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa miaka mitatu, na mwenye masomo mawili anagawa hizohizo, haongezewi. Scotland ni miaka minne. Wanaosema utajua nusunusu hawajakosea kabisa, maana kuna mada za kila upande utakazoziacha.

Linaloniudhi ni lile la kwamba Sera ya Jamii ni siasa iliyovaa tai, haihusiani na darasa. Mkoa huu unavuna mahindi, maharage na viazi vya kulisha na wengine. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Ghala limejaa! Ila mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachiwa dada yake wa miaka minane na uji mtupu wa mahindi. Miaka michache baadaye yuko darasa la kwanza, mwalimu anamwita mzito. Mwanafunzi wa Elimu anauliza huyu afundishweje kusoma. Wa Sera ya Jamii anauliza nani angemwangalia mama akiwa shambani, na chakula cha shuleni kitalipiwa na nani. Mtoto ni yuleyule.

Elimu bila ada pia. Ilifika kidato cha nne mwaka 2016, kidato cha tano na sita mwaka 2022. Ada ilifutwa, sare, madaftari na mchango wa chakula vimebaki mfukoni mwa mzazi. Na TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inapoipa kaya maskini ruzuku kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule, hiyo uiweke kwenye elimu au kwenye hifadhi ya jamii?

Dhana yenye hasara kubwa ni kwamba ukimaliza, wewe ni mwalimu. Tumezoea Mkwawa, chuo kikuu kishiriki cha elimu hapa Iringa, ambako mwanafunzi wa ualimu ana masomo mawili ya kufundishia, nadharia za elimu na mazoezi ya kufundisha shuleni. Digrii hii kwa kawaida haina hayo. Huko England kwenyewe, mhitimu wake anayetaka kufundisha shule za serikali huongeza mafunzo ya ualimu, kwa kawaida mwaka mmoja. Wala haikufanyi ofisa ustawi wa jamii; hiyo ni fani nyingine. Soma maelezo ya kozi kabla baba hajauza ng'ombe.

Kazi? Zipo, kwenye utafiti, miradi ya watoto na mashirika yanayofuatilia bajeti za elimu. Ila tangazo la kazi halitaandikwa jina la digrii yako, kwa hiyo jiandae kuieleza kwenye usaili.