Kutunza kingo za Mto Malewa si kunyang'anywa shamba

"Ukikubali watu wa maji wapime kando ya mto, shamba limeenda." Hofu hiyo ya wakulima wa kando ya mto naielewa. Ukiona vigingi vinapigwa katikati ya sukumawiki zako, usingizi utautoa wapi? Lakini si kweli.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilitaja ukanda wa kando ya mto: usiopungua mita 6, au sawa na upana wa mto wenyewe, ila usizidi mita 30 kila upande. Kisha zikasema jambo ambalo wengi hawafiki kulisoma: ukanda huo haubadilishi umiliki. Hati inabaki yako. Kinachodhibitiwa ni matumizi, kama kulima hadi majini au kupanda mikaratusi ukingoni.

Wala mwenye shamba hakuachiwa mzigo peke yake. Malewa hushuka kutoka Nyandarua hadi Ziwa Naivasha, kwa hiyo udongo unaosombwa na mvua kule Wanjohi huishia kwa wakulima wa maua huku chini. Mashirika ya WWF, la uhifadhi wa mazingira, na CARE, la misaada, yaliwakutanisha wa juu na wa chini kupitia vyama vya watumiaji maji: wa chini wakachanga, wa juu wakapewa vocha za kununulia pembejeo. Vocha zenyewe hazikuwa kubwa, tusidanganyane. Kilichowashika wengi, kwa maoni yangu, ni nepia, nyasi ya kulishia mifugo. Ukiipanda kwa mistari kukata mteremko, mizizi inashika udongo, na asubuhi unachukua panga, unakata mzigo mmoja, unamtupia ng'ombe horini.