Hiyo "sauti ya malaika" ya wavulana, hebu tuiongee vizuri

Juzi tena nimeambiwa eti kwaya za makanisa makuu ya Uingereza zimeharibika tangu walipoingiza wasichana, kwamba sauti ya mvulana Mungu kaiumba kivyake. Jamani nimechoka. Nafundisha watoto sauti ya kwanza na hii kauli naisikia kila Krismasi watu wakishaangalia ile ibada ya nyimbo ya Krismasi ya King's College, Cambridge (ambalo wala sio kanisa kuu, ni kanisa la chuo, ila tuache hilo), na anayeisema ukimuuliza mara ya mwisho kuingia ibada ya jioni siku ya kazi ni lini, anabadilisha mada.

Historia nakimbia. Wavulana waliwekwa kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa, watu wakimshika Paulo na ile ya wanawake wanyamaze kanisani. Hakuna aliyekaa akalinganisha sauti akachagua iliyo tamu. Na hiyo mila "isiyokatika" ilikatika miaka ya 1640 Wapuritani, wale Waprotestanti wenye msimamo mkali, walipozifuta kwaya, zikarudi 1660, halafu karne ya 19 mama mmoja Maria Hackett alizunguka makanisa makuu kutetea watoto wa kwaya maana walikuwa wametelekezwa, shule hamna, usimamizi hamna. Wasichana kwenye kanisa kuu la Salisbury wameanza 1991, York 1997, Canterbury 2014, St Paul's ya London juzijuzi tu.

Sasa sauti yenyewe. Kabla ya kubalehe koo la mvulana na la msichana hayapishani sana. Ule "weupe" mnaousifia ni kazi ya mwalimu: irabu zimenyooshwa, pumzi imetulia, sauti haitetemeshwi, halafu jengo la mawe linamalizia kwa mwangwi. Kwenye kanisa kuu la Wells watafiti walijaribu, wakina David Howard na Graham Welch, wakarekodi wavulana na wasichana wa kwaya hiyohiyo, nyuma yao wanaume walewale wa sauti za chini, wakawauliza wasikilizaji nani ni nani. Kwa wastani majibu yao yalikuwa karibu na kubahatisha.

Lakini kinachonikera hasa ni umri, maana hapa hata wanamuziki wanachanganya. Kanisa kuu la Ely wasichana wanaimba kuanzia miaka 13 mpaka 18, wavulana wanaondoka sauti ikishakuwa nzito, siku hizi mara nyingi ni kwenye 13 hivi. Kwa hiyo mtu anasikiliza dada wa miaka 16 halafu mtoto wa kiume wa miaka 10, anasema "unaona, jinsia!" Jinsia gani, huo ni umri! Na sauti ya msichana nayo inabadilika, haishuki oktavu nzima ila kuna kipindi inavuja hewa, noti za katikati zinakuwa dhaifu, unamvumilia. Na huyo mvulana wenu wa asili ni yupi? Leipzig, Ujerumani, enzi za mtunzi Bach, wavulana walikuwa wanaimba soprano mpaka 16 au 17, vifua vimeshajaa, ile sauti hakuna aliye hai aliyeisikia.

Haya, na mimi nina mashaka yangu. Kuna siku nasikia kabisa tofauti, wavulana wa miaka 12 wakielekea mwisho wao wana ukali fulani hivi mtamu, halafu najiuliza nasikia kwa masikio au kwa macho. Kuchanganya wavulana na wasichana kwaya moja nako sijaamua, walimu wengine wanasema wavulana wa miaka 9 wakiona wasichana wamekuwa wengi wanaacha, wengine wanasema ni visingizio vya mwalimu mvivu, nami nimeona yote mawili.

Ila ukiwatenganisha ujue ibada zinagawanywa kati ya kwaya mbili. Aliyekuwa anaimba Magnificat (ule wimbo wa Maria) karibu kila jioni sasa anaimba nusu ya siku zile, wimbo wa Byrd, yule mtunzi wa zamani wa Uingereza, aliokuwa anaurudia mpaka unamkaa kichwani sasa anausoma kama mpya, na kusoma nota kwa haraka kunachelewa kwa wote, wa kike na wa kiume. Hilo ndilo wazazi wangenilalamikia ningewaelewa, lakini hakuna anayeniuliza.