Askofu wa kwanza wa Manila hakuwa kivuli cha gavana

Ukatoliki ulifikaje Ufilipino? Wengi watakujibu kwa mkato: Magellan, baharia aliyeongoza msafara wa Hispania, alitia nanga kisiwani Cebu mwaka 1521, mtawala wa huko Rajah Humabon na watu wake wakabatizwa, basi. Kumbe siku chache baadaye Magellan aliuawa katika kisiwa jirani cha Mactan, Humabon akawageuka Wahispania waliobaki, na kwa zaidi ya miaka 40 visiwa havikuwa na misheni ya kudumu. Kazi yenyewe ilianza 1565, watawa wa shirika la Waagustino walipofika na Legazpi, kamanda wa msafara wa Hispania, wakiongozwa na Andrés de Urdaneta, baharia wa siku nyingi aliyeingia utawani ukubwani.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba viongozi wa Kanisa walifuata tu matakwa ya watawala. Ni kweli mfalme wa Hispania ndiye aliyemteua askofu na kugharimia misheni. Lakini Domingo de Salazar, mtawa wa shirika la Wadominiko aliyefika Manila 1581 kama askofu wa kwanza, alikuta amri ya kifalme ya 1574, iliyowakataza Wahispania kumiliki wenyeji kama watumwa, imetiwa kapuni. Aliwaita watawa Tondo, karibu na Manila, wakaafikiana kwamba watumwa hao lazima waachiwe huru. Hawakuwa na askari. Walikuwa na kitubio, sakramenti ya kuungama dhambi. Sinodi ya Manila, mkutano wa kanisa aliouitisha askofu, ilishikilia kwamba aliyewadhulumu wenyeji arudishe mali yao kwanza, ndipo aondolewe dhambi.

Tusimvishe utakatifu, hata hivyo. Askofu huyohuyo aliwahi kuunga mkono wazo la kuivamia China, kisha akageuza msimamo.

Wala tusidhani wamisionari wote walikuwa chini ya kidole chake. Watawa walimtii mkuu wa shirika lao, na askofu alipotaka kuzikagua parokia zao, walitishia kuziacha. Angemweka nani? Mapadre wa jimbo, wasio watawa na walio chini ya askofu moja kwa moja, walikuwa wa kuhesabu.

Na Kihispania je, si ndicho kilicholazimishwa kanisani? Itazame katekisimu iliyochapwa Manila 1593, Doctrina Christiana: sala zimo kwa Kihispania, kisha kwa Kitagalog cha herufi za Kilatini, kisha Kitagalog hichohicho kwa baybayin, mwandiko wa wenyeji, vyote vikichapwa kwa vibao vya kuchonga. Salazar hakuwapo ilipotoka. Mwaka 1591 alipanda meli na Mdominiko mwenzake Miguel de Benavides kwenda kumweleza Mfalme Felipe wa Pili malalamiko yake ana kwa ana, akafia Madrid 1594.