Waingereza wana mfalme, sisi tuna jamhuri: sasa nani amfundishe mwenzake?

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani Temeke. Tumeshazika, tumerudi turubaini, chai ya tangawizi inazunguka, na siasa zikaanza kama ilivyo kawaida yetu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, fundi seremala mstaafu, akanigeukia: "Mwalimu, wewe si ndiyo unafundisha mambo haya chuoni? Hawa Waingereza wanatuhubiria demokrasia na wenyewe wana mfalme mpaka leo. Sisi tuna jamhuri. Sasa nani amfundishe mwenzake?" Waliokaa karibu wakaitikia: kweli kabisa.

Nilimjibu kwa ufupi na kwa adabu, maana msiba si darasa. Lakini jibu refu nimelibeba tangu siku ile, na leo nalitua. Nina miaka 16 nikifundisha mifumo ya serikali, na kila mwaka karatasi za mtihani zinaniletea sentensi ileile: "Ufalme ni utawala wa mtu mmoja, jamhuri ni utawala wa wananchi." Najua inakotoka. Inatoka kwenye jedwali la ubaoni ambalo hata mimi nililinakili nikiwa kidato cha pili. Safu ya kushoto: ufalme, kurithi, hakuna uhuru. Safu ya kulia: jamhuri, uchaguzi, uhuru. Tulilikariri, tukajibu mtihani, tukafaulu, na wengi wetu hatukulifuta tena vichwani.

Yaliyo mepesi niyapite haraka. Jamhuri ni nchi ambayo mkuu wake hapati kiti kwa kurithi. Basi. Jina halisemi zaidi ya hapo, na hata hilo dogo halitimizwi kila mahali. Korea Kaskazini jina lake rasmi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu, na kiti kimetoka kwa babu kwenda kwa baba mwaka 1994, kwa baba kwenda kwa mwana mwaka 2011. Syria mwaka 2000, Hafez al-Assad alipofariki, katiba ilirekebishwa haraka ili umri wa chini wa rais ushuke kutoka miaka 40 hadi 34. Mwanawe Bashar alikuwa na miaka 34. Upande wa pili wako Wanorwe, Wadenmaki na Wajapani, wote wana wafalme, na serikali zao hubadilishwa kwa kura.

Ninalotaka tukae nalo ni hili: mtawala kuingia ni jambo moja, na kutolewa ni jambo jingine kabisa. Jedwali la ubaoni linauliza ameingiaje. Mimi nikitaka kujua madaraka yamekaa wapi, nauliza nani anaweza kumtoa, kwa sababu gani, na bila kumwaga damu. Kisha nauliza nani anashika mfuko wa fedha, na nani anasikilizwa na jeshi. Vyeo viulizwe baadaye.

Chukua hao Waingereza wa mzee wangu. Mfalme Charles ni mkuu wa nchi. Mkuu wa serikali ni Waziri Mkuu. Hawa ni watu wawili, na nusu ya ugomvi huu wote unatokana na sisi kuwaona kama mtu mmoja, kwa sababu kwetu Rais anavaa kofia zote mbili. Mara ya mwisho mfalme au malkia wa huko kukataa kutia saini muswada uliopitishwa na Bunge ilikuwa mwaka 1708, enzi za Malkia Anne. Anayetawala kweli ni Waziri Mkuu, na huyo anaishi kwa imani ya wabunge. Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilianguka kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja! Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba amevunja katiba au ameiba. Wabunge walisema hatuna imani nawe, nchi ikaingia kwenye uchaguzi. Mwaka 2022 Liz Truss alikaa siku 49 tu, wabunge wa chama chake mwenyewe wakamchoka. Mfalme hakumtoa, na asingeweza kumbakisha.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo uvumilivu unaponiisha. Watu wazima na elimu zao hawajui kwamba sisi wenyewe tumewahi kuwa ufalme. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Alipojiuzulu Januari 1962 akashika Rashidi Kawawa. Jamhuri ilikuja mwaka mmoja kamili baada ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1962.

Muulize mtu yeyote mwaka upi ulimpa mtawala madaraka makubwa zaidi, 1961 au 1962. Atakwambia 1961, kwa sababu kulikuwa na malkia. Ni kinyume chake. Kwa katiba ya 1961 mkuu wa serikali alikuwa mbunge kama wabunge wengine, anakaa nao, na wakikosa imani naye anaondoka. Kwa katiba ya 1962 ukuu wa nchi na ukuu wa serikali viliunganishwa kwa mtu mmoja, akachaguliwa moja kwa moja na wananchi, na Bunge likapoteza ule uwezo wa kumwangusha kwa kura ya kawaida. Tulimwondoa malkia ambaye hakuwa akiamua kitu, tukaweka rais anayeamua karibu kila kitu. Zilikuwapo hoja nzito za kufanya hivyo: nchi changa, makabila zaidi ya mia, watu waliotaka kumwona kiongozi mmoja wamjue. Sizibezi hoja hizo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba neno "jamhuri" lenyewe lilipunguza madaraka ya mtawala.

Na tabia hiyo ipo hadi leo katika Katiba ya 1977. Soma ibara ya 37(1): Rais katika kazi zake yuko huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Soma ya 46A, ya kumwondoa Rais. Wanafunzi wangu hunitajia ibara hii kwa furaha, kwamba na sisi tunaweza. Tunaweza, ndiyo. Lakini zisome sababu zilizotajwa: kuvunja Katiba au sheria ya maadili ya viongozi, kukiuka masharti ya uandikishaji wa vyama, kufanya mambo yanayokidhalilisha kiti cha urais. Kuna kamati ya uchunguzi, na mwisho inahitajika theluthi mbili ya wabunge wote. "Sera zako zimeshindwa" haimo humo. Ile sababu iliyomwondoa Callaghan kwa kura moja, kwetu inamwondoa Waziri Mkuu peke yake, kwa ibara ya 53A, na Waziri Mkuu wetu si mkuu wa serikali.

Kuna jambo la haki niliseme, maana wengi hulisahau hata kwenye mijadala ya wasomi. Watu husema Rais anaweza kulivunja Bunge kama fimbo ya kuwatisha wabunge, na ni kweli, ibara ya 90 inamruhusu kwa sababu kadhaa, mojawapo Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Lakini ibara ya 38 inasema Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kinakuwa wazi. Wote wanarudi kwa wapiga kura. Kwa hiyo kwenye karatasi fimbo hiyo inampiga na mwenye kuishika.

Kwenye karatasi, nimesema. Kufuli lenyewe liko ibara ya 71, ambayo inahusu ukomo wa ubunge, si madaraka ya Rais. Mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, anapoteza ubunge wake. Uiweke pamoja na ibara ya 67, inayotaka kila mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na amependekezwa na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishasema mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Tazama ibara hizo mbili zinavyofanya kazi pamoja. Mbunge anayetaka kupiga kura dhidi ya serikali ya chama chake anajua chama kina uwezo wa kumfukuza uanachama, na uanachama ukiondoka ubunge unaondoka nao. Mwenyekiti wa chama akiwa ndiye Rais, anayetakiwa kumsimamia Rais amepewa kiti na Rais. Unaweza kuchora mihimili mitatu ubaoni kwa rangi tatu tofauti, na bado huo usukani hutauona kwenye mchoro.

Na si sisi tu. China ina rais, ina bunge, ina katiba. Lakini Deng Xiaoping, aliyeibadilisha nchi ile kuliko mtu yeyote baada ya Mao, hakuwahi kuwa mkuu wa nchi wala mkuu wa serikali. Alichokishika kwa miaka mingi ni uenyekiti wa tume ya kijeshi ya chama. Mwanafunzi akiniambia "China ni jamhuri" hajaniambia kitu. Akiniambia bunduki inasikiliza tume gani, hapo tumeanza kuzungumza.

Wafalme nao si wa aina moja, na hili nalisema kwa wale wanaonisikia wakadhani nausifu ufalme. Oman ina Sheria ya Msingi tangu 1996, ikaandikwa upya 2021, na bado Sultani ndiye mkuu wa nchi na wa serikali. Eswatini, Mfalme Sobhuza II aliifuta katiba ya uhuru mwezi Aprili 1973 akapiga marufuku vyama. Katiba mpya ya 2005 imeurudisha msamiati wa haki, lakini serikali bado inatoka mkononi mwa mfalme. Nenda Lesotho, si mbali na hapo, na huko pia kuna mfalme, Letsie III, ambaye kwa katiba ya 1993 haongozi serikali. Wafalme wawili wa Kiafrika katika eneo moja, na hawafanani kwa lolote ninaloliuliza mimi.

Kenya nayo waliamua katika Katiba ya 2010 kuweka mlango mwingine wa kutokea. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na rais aliyekuwa madarakani akarudi kuomba kura upya. Kwetu ibara ya 41(7) inasema tume ikishamtangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Jamhuri mbili jirani, lugha moja, jina moja la mfumo, na hata swali la "nani aseme hapana" majibu yake yako mbalimbali.

Nimesema nauliza nani anaweza kumtoa, nani ana fedha, nani ana jeshi. Vitabu vingi vinaishia hapo. Mimi siwezi, kwa sababu maswali yangu yamewahi kunikwama, na mahali yanaponikwama zaidi ni Unguja na Buganda, ufalme wa jadi ulio ndani ya Uganda.

Bunge la Tanganyika la 1961, kwa mfano, lingeweza kumwangusha Waziri Mkuu kwa kura, nimesema hivyo hapo juu kwa kujiamini. Lakini chama cha TANU, chake Nyerere, kilikuwa na viti 70 kati ya 71. Nani angepiga hiyo kura? Mlango ulikuwepo na hakukuwa na wa kuufungua. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa ufalme wa kikatiba: Sultani Jamshid juu bila madaraka ya kiserikali, Waziri Mkuu Mohammed Shamte chini, Bunge lililochaguliwa. Ukiipima kwa vigezo vyangu inapita vizuri. Ila katika uchaguzi wa Julai mwaka huohuo chama cha upinzani, ASP, kilipata zaidi ya nusu ya kura zote na kikaambulia viti 13 kati ya 31. Katiba ile iliishi siku 33, Mapinduzi yakaifuta. Hakuna ibara iliyonionya.

Buganda ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa II alikuwa Rais wa Uganda tangu 1963, rais wa heshima, na Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu mwenye serikali na jeshi. Mei 1966 jeshi likapiga Mengo, ikulu ya Kabaka, Kabaka akakimbia, akafia London mwaka 1969. Hapo maswali yangu yanajibu vizuri: mwenye jeshi alishinda. Katiba ya 1967 ikafuta falme. Zikarudishwa 1993, na Katiba ya 1995 ikaandika wazi kwamba kiongozi wa jadi hana madaraka ya utendaji wala ya kutunga sheria, wala asishiriki siasa za vyama. Hana jeshi, na hakuna anayelazimishwa kumlipa kodi.

Kisha Septemba 2009 serikali ikazuia msafara wa Kabaka Mutebi II kwenda Kayunga, na Kampala ikawaka moto. Watu walikufa, maduka yakafungwa, askari wakajaa mitaani kwa siku kadhaa, kwa ajili ya ziara ya mtu ambaye kwa katiba hana madaraka yoyote.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyetoka Masaka, kijana mtulivu, anayekaa viti vya nyuma. Nilipomaliza mhadhara wa nani anatoa, nani ana fedha, nani ana jeshi, alinyanyua mkono. "Mwalimu, Ssabasajja wetu, yaani Kabaka, hana hata kimoja kati ya hivyo. Sasa mbona walimwogopa?" Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo. Nilirudi wiki iliyofuata na maelezo kuhusu ardhi ya Buganda, kuhusu redio, kuhusu vijana wasio na kazi mjini, na yote yalikuwa ya kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia asante, lakini niliona usoni kwake kwamba swali lake bado lipo palepale.