Phoenix Suns ya 2024-25: tunayoambizana barazani na kilichotokea kweli

Hapa Tanga tunaoamka kuangalia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, tunajuana, mana mechi ya Phoenix ikianza saa moja usiku kule kwao huku ni saa kumi na moja alfajiri, watu wanaelekea msikitini wewe ndo kwanza kota ya kwanza na bando lenyewe la kuungaunga. Sasa msimu wa 2024-25 Suns wamemaliza wameshinda 36 wamefungwa 46, nafasi ya 11 kwenye kundi la Magharibi, hata zile mechi za kugombea kuingia mtoano hawakuzifikia. Tangu hapo kila nikikaa kahawa Ngamiani nasikia sababu ambazo haziendani kabisa na kilichotokea, na mimi timu hii naipenda, siwezi kunyamaza.

"Mgosi, pale kulikuwa na mastaa watatu na hela kuliko timu zote, walihujumiana tu"

Hii ndo inayosemwa sana na ndo inayoniuma zaidi. Kevin Durant alipiga wastani wa pointi 26.6, Devin Booker 25.6, sasa hujuma iko wapi hapo? Tatizo lilikuwa ni hizo hela zenyewe. NBA hairuhusu tajiri amwage pesa anavyotaka, kuna mpaka wa mishahara, na juu yake kuna mstari wa kodi, ukiuvuka huo unalipa kodi, alafu mkataba wa ligi wa 2023 ukaweka mstari mwingine juu zaidi, ukiuvuka huo unafungwa mikono: huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili uchukue mmoja mkubwa, huruhusiwi kupokea mshahara mkubwa kuliko uliotoa. Suns walikuwa juu ya huo mstari. Durant, Booker na Bradley Beal peke yao karibu dola milioni 150, timu nzima zaidi ya milioni 200, na kodi juu yake zaidi ya milioni 150 tena!

Sasa mchezaji mpya wa kusajili kutoka nje unamlipa nini? Kima cha chini. Tyus Jones, pointi gadi, yani yule anayeongoza mpira, aliyeanza mechi nyingi tu, alisaini kwa kima cha chini. Mpira anaujua, pasi zake safi, ila ni mfupi na wapinzani walikuwa wanamuwinda yeye. Yani angalia mechi zao utaona kitu kilekile: mpinzani anaita skrini, yani mwenzake asimame kumzuia mlinzi, mpaka abaki na yule mfupi, anampita, senta wa Suns, yule mrefu wa chini ya kikapu, anatoka kwenda kuziba, chini ya kikapu panabaki wazi, ama wanafungwa kirahisi ama mpira ukidunda kwenye ringi rebaundi inaenda kwa mpinzani na wanaanza upya. Ulinzi wao ulikuwa kati ya mibovu kabisa kwenye ligi nzima. Na mpaka huyo Beal wasingeweza kumhamisha hivihivi, mkataba wake ulikuwa na kipengele kwamba haendi popote bila yeye mwenyewe kukubali. Huyo ni mchezaji wa zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka, na kuna kipindi alikuwa anatokea benchi.

Kwa hiyo msimu haukuharibika Machi wala Aprili, uliharibika 2023 kwenye makaratasi.

"Kocha ndo kawaangusha"

Haya tuhesabu basi. 2023 wakamfukuza Monty Williams, ambaye 2021 aliwafikisha fainali. Wakamleta Frank Vogel, ana ubingwa na Lakers wa 2020, msimu mmoja tu wakatolewa 4-0 na Minnesota, akaondoka. Wakamleta Mike Budenholzer, na huyu ndo alikuwa kocha wa Milwaukee waliowafunga Suns haohao kwenye fainali ya 2021, naye msimu mmoja, Aprili 2025 kafukuzwa. Makocha watatu miaka mitatu, wawili kati yao wameshabeba kombe. Sisemi Budenholzer hakukosea, alikosea na yeye, lakini ukibadilisha dereva kila mwaka na gari bovu ni lilelile, unategemea nini?

"Durant kazeeka"

Alikuwa na miaka 36, kweli. Lakini walianza kwa kushinda 8 na kufungwa 1, akaumia kigimbi cha mguu Novemba, hapohapo wakaanza kupoteza moja baada ya nyingine. Kama mzee akikosekana timu inaanguka, basi mzee siye tatizo.

"Si watashuka daraja?"

Hapana. NBA hakuna kushuka daraja, ya mwisho msimu huu mwakani ipo palepale. Najua kwetu hili linatoka wapi, 2016 Coastal Union, African Sports na Mgambo zote tatu zilishuka mwaka mmoja, mkoa mzima ukabaki bila timu ligi kuu. Kule kidonda cha namna ile hakipo.

"Afadhali walivyofungwa, watapata chaguo la kwanza la drafti"

Drafti ni pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, na zilizofanya vibaya zina nafasi kubwa ya kutangulia. Kwanza chaguo lao la 2025 hawakuwa nalo! Walilitoa kwa Brooklyn Februari 2023 kumpata Durant, pamoja na mengine matatu ya raundi ya kwanza, na Mikal Bridges na Cameron Johnson juu, baadaye likaishia kwa Houston. Pili, hata ukishika mkia kabisa bahati nasibu ya kupanga nani aanze kuchagua inakupa asilimia 14 tu ya kupata namba moja, na mwaka huohuo Dallas walishinda wakiwa na asilimia 1.8. Tatu, chaguo la juu si dawa. Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa namba 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na kila mtu anajua nani alifika wapi, bila kumvunjia heshima kaka yetu aliyetufungulia njia.

Ila kwenye drafti ya 2025 lilelile chaguo, namba 10, limerudi Phoenix baada ya Durant kwenda Houston, na aliyechukuliwa nalo ni Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, senta. Yani walichokuwa wanakikosa chini ya kikapu. Mimi huyo namwamkia alfajiri.