Kwa nini filamu za timu zenye mikosi hutushika kuliko za mabingwa

Kazi yangu ni kuhariri filamu za makala za michezo. Swali ninalokutana nalo sana kwa mashabiki ni hili: mtu anawezaje kukaa mbele ya televisheni kutazama mechi ambayo matokeo yake anayajua, tena ya kufungwa? Huwa nawaelekeza kwenye Four Falls of Buffalo, filamu ya ESPN, kituo cha televisheni ya michezo cha Marekani, ya mwaka 2015.

Buffalo Bills ndiyo timu pekee ya futiboli ya Marekani iliyofika Super Bowl, yaani fainali ya ligi yao, mara 4 mfululizo, kuanzia Januari 1991 hadi Januari 1994. Zote ilipoteza. Ya kwanza iliwaponyoka kwa pointi moja tu, 20 kwa 19 dhidi ya New York Giants. Zikiwa zimebaki sekunde 8, Scott Norwood wa Buffalo alipiga mpira wa ushindi kutoka yadi 47, nao ukapita kulia mwa mlingoti.

Mwenyeji gani wa Buffalo asiyejua kwamba mpira ule unatoka nje? Kwa hiyo mhariri hana namna ya kumweka mtu roho juu pale. Akiivuta picha polepole na kumwaga vinanda juu yake, atawachosha watazamaji, na atamgeuza Norwood kuwa kioja. Utamu wa filamu uko kwenye yaliyofuata. Timu iliporudi nyumbani, maelfu ya watu walijaa Niagara Square, katikati ya jiji, wakaanza kuimba kwamba wanamtaka Scott. Akasogea mbele, akazungumza huku akipigana na machozi. Ukibahatika kupata picha za maktaba za namna hii, ziache ziende. Usimlete mchambuzi kueleza kile ambacho macho yamekwisha kukiona.

Kuna kipande kingine ninachokipenda hata zaidi. Januari 1993 Dallas iliifunga Buffalo 52 kwa 17, kipigo cha aibu. Mwishoni kabisa Leon Lett wa Dallas aliokota mpira, akakimbia peke yake kwenda kufunga, akaunyoosha mkono kusherehekea kabla hajavuka mstari. Don Beebe wa Buffalo, aliyekuwa akimkimbiza kutoka mbali sana, akaupangua mpira mkononi mwake. Kwa matokeo haikusaidia kitu. Lakini tabia ya timu nzima imo katika mbio zile, na mhariri mwenye akili atazipa nafasi kubwa kuliko mabao yote ya Dallas.

Cleveland ni habari ngumu zaidi, na hapa ndipo mimi na mashabiki wengi tunapotofautiana. Believeland, filamu nyingine ya ESPN, ilionyeshwa Mei 2016, ikisimulia jiji ambalo halikuwa limeonja ubingwa wa mchezo wowote mkubwa tangu Desemba 1964. Moyo wa filamu hiyo ni Earnest Byner, mchezaji wa timu ya futiboli ya jiji hilo. Januari 1988, kwenye nusu fainali dhidi ya Denver, Byner alipokonywa mpira hatua chache kabla ya mstari, wakati Cleveland ilikuwa karibu kusawazisha. Watu humkumbuka kwa hilo tu. Wanasahau kwamba timu ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 21 kwa 3, na kwamba Byner mwenyewe ndiye aliyeibeba hadi pale, kwa yadi 187 na miguso 2, yaani mabao ya kuvuka mstari na mpira. Filamu inamrudisha kwenye dakika ile akiwa mtu mzima, na bado inamliza.

Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 19 Juni, Cavaliers, timu ya kikapu ya Cleveland yenye nyota LeBron James, walitwaa ubingwa wa ligi yao kwa kuwafunga Golden State 93 kwa 89, baada ya kuwa nyuma mechi 3 kwa 1. ESPN ikaifungua filamu upya na kuibandika mwisho mpya. Naelewa furaha ya watu wa Cleveland, walikuwa wamestahili. Hata hivyo naamini toleo la kwanza ndilo filamu bora. Kombe la LeBron James halijibu machozi ya Byner, na ukiliweka mwishoni unamfanya mtazamaji adhani limeyajibu.

Sunderland 'Til I Die, mfululizo kuhusu klabu ya soka ya Uingereza, ilikuwa na shida tofauti kabisa: kamera zilikuwa klabuni wakati mambo yenyewe yakitokea. Watayarishaji wa Fulwell 73 ni mashabiki wa Sunderland, hata jina hilo la kampuni yao lilitokana na jukwaa la uwanja wa zamani na mwaka ambao klabu ilitwaa Kombe la FA. Walikwenda wakitarajia kurekodi timu ikirejea Ligi Kuu baada ya kushuka mwaka 2017. Ikashuka tena. Kwa sababu wachezaji walizidi kuzikwepa kamera, wahariri waliwageukia wapishi wa klabu na mashabiki, wakaanza na watu wakiiombea timu kanisani. Kwangu uamuzi huo ndio uliouokoa mfululizo mzima.

Msimu ule wa kushuka ulipewa vipindi 8. Sunderland ilipopanda hatimaye kurudi daraja la pili mwaka 2022 kwa ushindi wa Wembley, sehemu ya mwisho ilipewa 3, na hata hivyo naona kingeweza kupunguzwa kimoja. Wahariri chipukizi wakiniuliza waanzie wapi, nawapa sehemu ile ya kwanza, ya msimu wa kushuka, na kuwaambia wazime sauti ya kiwanjani, wawatazame waliokaa majukwaani.